Sauti ya mufanyakazi inapokatika

Mwenzetu mumoja, mama wa watoto wane, alikuwa anafanya kazi ya foni ku karyeri moja ya huku kwetu. Yeye ndiye alikuwa anasema na madereva wa makamio makubwa: wewe panda, wewe ngoja, wewe rudi nyuma juu pale wanatega baruti. Kazi ile haina muchezo. Dereva mwenye kukaa juu ya kamio ya tani mia moja haone kitu chini ya magurudumu yake. Anasikia tu. Basi sauti ya yule mama ikaanza kukatika. Neno linatoka nusu, linakwama, kisha linatoka kwa nguvu sawa ya mutu anayekabwa shingo. Ku foni madereva walikuwa wanamuuliza mara mbili, mara tatu: umesema nini?

Shefu wake aliuliza kama amelewa. Ku dispansere walimupa siro ya kikoozi, kisha antibiotiki, kisha antibiotiki ingine. Ku chumba cha maombi walisema: "Balimufunga kinywa," wakamuwekea mikono na kumufungisha chakula siku tatu. Na kitu chenye kilimuharibia zaidi ni hiki: siku ya Mungu aliimba ndani ya korali, sauti safi kabisa, bila kukwama hata mara moja. Watu wa kazi walikuwa pale. Kesho yake ikawa kicheko ku karyeri muzima: "Kuimba anaweza, kusema hawezi? Anatafuta konje tu."

Walimutoa ku foni, wakamuweka kufagia mabiro. Primu ya kazi ya foni ikapotea. Na sisi wa sendika? Tuseme ukweli mbele ya wasomaji. Sisi tulimwambia akunywe tangawizi na asali, apumzike, itapita. Karatasi ya kumuhamisha kazi, delege wetu aliweka saini, juu tulifikiri tunamusaidia. Hatukujua ya kama ile kuimba vizuri na kusema vibaya, yenye watu walikuwa wanacheka, ilikuwa alama ya ugonjwa wenye kujulikana ku vitabu vya waganga tangu zaidi ya miaka mia moja.

Ilipita karibu miaka mbili mbele ya kukutana na munganga wa masikio, pua na koo, wale tunaita ORL. Yeye hakukimbilia kuandika dawa. Alimusikiliza. Alimuambia aseme, ahesabu, anong'one, aimbe, acheke. Kisha akapitisha kamera ndogo ndani ya pua mpaka karibu na koo, akaangalia kamba za sauti ginsi zinafanya wakati anasema. Jina alilotoa ni disfonia spasmodiki.

Tunaandika leo juu ya sauti kwa sababu hiyo, na kwa sababu ingine mbaya kuliko hiyo, tutaifikia.

Kwanza mutu aelewe sauti inatoka wapi. Ndani ya koo, pale kwa wanaume panatokea kifundo mbele ya shingo, muko kamba mbili za nyama ndogo. Ukipumua zinaachana, hewa inapita. Ukitaka kusema zinakaribiana, hewa ya mapafu inazitikisa, na ule mutikisiko ndio sauti. Kwa mwanaume zinatikisika karibu mara 100 kwa sekunde moja, kwa mwanamuke karibu mara 200. Ubongo ndio unaamuru, na amri inapita ndani ya mishipa ya neva. Moja ya neva hizo, ya upande wa kushoto, inashuka kwanza mpaka ndani ya kifua, inazunguka mushipa mukubwa wa moyo, kisha inapanda tena ku koo. Musomaji akumbuke njia hiyo ya kuzunguka.

Ku disfonia spasmodiki, kamba zenyewe ni nzima. Amri ndiyo inaharibika. Ubongo unatuma amri mbaya na kamba zinajikaza zenyewe wakati mutu anataka kusema. Kwa wagonjwa wengi zinafungana kwa nguvu, sauti inakatika na kukabwa. Kwa wengine wachache zinafunguka wakati hazipaswi, na sauti inapotea ndani ya pumzi. Munganga wa Berlin, Ludwig Traube, aliandika juu yake mwaka 1871, na alifikiri ni ugonjwa wa wasiwasi. Kosa hilo lilidumu karibu miaka mia moja: wagonjwa wakatumwa kwa waganga wa vichaa, au kuambiwa watulize roho. Leo waganga wanaiweka pamoja na magonjwa ya misuli yenye kujikaza bila kuamuriwa, sawa na ile ya shingo kupinda au ya mukono wa mwandishi kukataa kuandika. Inaanza mara mingi kati ya miaka 30 na 50, na inapata wanawake zaidi ya wanaume. Kuimba, kucheka, kunong'ona, kulia, mara mingi vinabaki vizuri, kwa sababu ubongo unatumia njia ingine kwa vitu hivyo. Mama yetu hakuwa anajifanya.

Ku damu hauwezi kuiona. Ku radio ya kifua hauwezi kuiona. Ndiyo maana ku dispansere, kwenye vipimo viko malaria na tifoide tu, wanasema "hauna kitu". Inagunduliwa na sikio la mutu mwenye kuzoea, na kamera ile ya kuhakikisha hakuna kidonda wala uvimbe. Munganga anaweza kuomba mugonjwa aseme maneno yenye kujaa a, e, i, o, u, kisha maneno yenye kujaa p, t, k, s. Kwa wale wa kukabwa, maneno ya kwanza ndiyo yanakwama. Kwa wale wa pumzi, ni ya pili.

Dawa ya kumaliza ugonjwa huu kabisa haijapatikana. Tusidanganye watu. Lakini iko namna ya kumurudishia mutu sauti. Tangu mwaka 1984, munganga Andrew Blitzer kule New York alianza kupiga ndani ya misuli ya koo sindano ndogo ya botulinum. Ni sumu, ndiyo, sumu ya vile vijidudu vyenye kuua watu kwa chakula cha mikebe kilichoharibika. Lakini kwa kipimo kidogo sana inakata ile amri mbaya. Siku za kwanza sauti inakuwa nyepesi na maji yanaweza kupalia mutu. Kisha sauti inanyooka kwa miezi mitatu au ine, na inabidi kurudia. Ni ya bei, inaomba munganga aliyezoea mukono, na haikutwe ku kila lopitali. Pamoja na sindano iko kazi ya ortofonisti, yule anayefundisha kupumua na kusema, lakini peke yake kwa ugonjwa huu haitoshi. Wengine walipasuliwa. Mwenye kujulikana zaidi leo ni Robert F. Kennedy Jr., waziri wa afya wa Marekani tangu 2025: wenye kumusikia ku redio walifikiri ni uzee ao ni mafua, kumbe ni ugonjwa huu huu, na yeye mwenyewe alisema hivyo waziwazi. Yule aliweza kuwa waziri na sauti yenye kukatika. Mama yetu alinyanganywa foni na akapewa ufagio.

Sasa tufike ku mambo yenye kugusa wengi, juu disfonia spasmodiki ni ugonjwa wa watu wachache. Ukisimama ku mulango wa izini saa ya kubadilisha ekipi utasikia sauti za kukwaruza kumi, ishirini. Wengi hawana ugonjwa huo. Wana sauti ya kuchoka kwa kupiga kelele juu ya kelele ya mashini. Mufaransa mumoja, munganga Étienne Lombard, alionyesha mwaka 1911 ya kama mutu akiwekwa ndani ya kelele anapandisha sauti yake mwenyewe bila kujua. Sisi tunafanya hivyo saa nane, saa kumi na mbili, karibu na mashini ya kuponda mawe. Ongeza vumbi ya musimu wa kiangazi, tumbaku, lutuku, na asidi ya tumbo yenye kupanda usiku ku koo kwa mutu anayekula saa ine ya usiku na kulala palepale. Kamba za sauti zinavimba, zinafanya sugu ndogo sawa na sugu za mukono wa mupiga shoka. Hizo, mingi yake zinaweza kupona bila kisu: maji mengi, kuacha tumbaku, kupunguza kelele na kujifunza kusema tena. Kunong'ona si mapumziko, kunachokesha koo vilevile, afazali kunyamaza. Na kukata kilimi, vile watu wengine wanapenda kufanya huku na kwa majirani, hakusaidie sauti hata kidogo. Kilimi haitengeneze sauti. Kunaleta damu na ambukizo.

Lakini kati ya wale kumi, ishirini wa mulango wa izini, anaweza kuwa mumoja mwenye kitu kibaya, na kwa sikio hauwezi kumutofautisha na wengine. Hapa ndipo tunataka baba na mama wa kila nyumba wasimame kidogo.

Kanseri ya koo, ile ya kamba za sauti, inaanza na sauti ya kukwaruza. Haileti maumivu mwanzo, haileti homa. Ikikutwa mapema, wagonjwa wengi wanapona, na wengine wanabaki na sauti yao. Ikikutwa nyuma, munganga anatoa koo nzima na mutu anapumua kwa tundu ku shingo, kama angali muzima. Tumbaku na pombe kali ndizo za kwanza kuileta. Zinapokaa pamoja hatari inazidi kuliko ya moja moja. Hiyo ni ya kila mutu ajipime mwenyewe.

Ya tatu haitoki ku mufuko wa mufanyakazi. Inatoka ku kazi. Mwaka 1992, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kanseri, chenye makao Lyon, Ufaransa, kiliandika ukungu wa asidi kali, pamoja na asidi ya sulfuriki, ndani ya vitu vyenye kuhakikishwa ya kama vinaleta kanseri kwa mutu. Na kanseri yenyewe waliyoitaja ni ya koo. Amiante pia iko ku liste ileile, na koo ndani yake.

Nani asiyejua asidi ya sulfuriki huku kwetu? Shaba na kobalti zetu zinaoshwa nayo. Kutoka Likasi mpaka Kolwezi mutu hawezi kuhesabu makamio yenye kuibeba. Ku sale ya elektrolizi, vipovu vya hewa vinapanda ndani ya maji ya asidi, vinapasuka juu, na kila kipovu kinarusha matone madogo yasiyoonekana. Ule ukungu wenye kuchoma pua ukiingia mulango, wenye kutoboa kaboti na kula meno ya mbele ya wazee, ndio huo. Wazee wetu walizoea kusema: "Mwezi wa kwanza unakohoa, mwezi wa pili unazoea." Pua inazoea. Koo haizoee. Ulaya waliweka mupaka wa miligramu 0,05 kwa kila meta kubike ya hewa. Kushuka hivyo kunawezekana: kuna mipira midogo ya plastiki yenye kuelea juu ya maji, kuna povu ya kufunika, kuna mashini za kuvuta hewa pembeni ya kila bako. Kashe-ne ya kitambaa haisimamishe asidi. Tumeona izini yenye mipira yote ikiwa mahali pake siku ya wageni, na miezi mitatu nyuma nusu yake imekwenda, watoto wanachezea ndani ya kamp.

Pili ni kifua kikuu. Wachimbaji wa ndani ya mugodi, na zaidi sana ndugu zetu krezeri wenye kupasua mawe makavu bila maji, wanavuta vumbi ya silika. Mapafu yenye silikozi yanafungulia kifua kikuu mulango, na kifua kikuu kinaweza kupanda mpaka ku koo. Pale sauti inapotea, na mutu huyo akikohoa anaambukiza nyumba nzima. Matibabu ni ya miezi sita na dawa hizo hazilipwi inchini mwetu. Mutu akikuuzisha, mulete kwa delege. Na ile neva ya kushoto yenye kuzunguka ndani ya kifua: uvimbe wa mapafu ukiibana, kamba moja inalala, sauti inakuwa ya pumzi, na mugonjwa anafikiri shida iko ku koo wakati iko chini. Neva hiyohiyo inaweza kuguswa wakati wanapasua uvimbe wa shingo, wenye mama zetu wengi wanabeba.

Neno moja tu kwa ndugu wa manganezi, upande wa Kisenge. Tangu mwaka 1837, munganga James Couper wa Glasgow alieleza wafanyakazi wenye kusaga manganezi waliopoteza nguvu ya miguu na sauti ikawa ndogo. Vumbi hiyo inafika ku ubongo. Mutu akianza kusema pole sana, uso ukakauka, na kutembea kukabadilika, asiambiwe amerogwa mbele ya kuuliza anafanya kazi gani.

Munganga anahesabu ginsi gani? Wiki ine. Sauti ikiharibika na wiki ine zikapita bila kurudi, kamera lazima iangalie kamba za sauti. Hakuna siro ya pili, hakuna antibiotiki ya tatu. Na mutu asingoje hata hizo wiki ine kama anapumua kwa shida, anatema damu, chakula kinamuuma kupita, shingo imevimba, anakonda, ao sauti ilipotea nyuma ya kupasuliwa. Mutu wa tumbaku asingoje vilevile.

Tunajua jibu litakuja: kamera iko mbali, ORL ni wachache, kampuni haina. Hapa hatukubaliane. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inamubebesha mwenye kazi matunzo ya mufanyakazi pamoja na bibi ao bwana yake na watoto. Haikuandika "matunzo ya malaria tu". Kampuni yenye kuweza kuleta kamio ya tani mia moja kutoka ng'ambo, inaweza kumupeleka mugonjwa Lubumbashi na kulipa munganga wa kumuangalia dakika kumi na tano. Na kama ugonjwa umetokea ku kazi, kuna CNSS kwa ajili ya magonjwa ya kazi. Lakini CNSS haiwezi kulipa kitu chenye hakuna mutu alikitangaza. Mufanyakazi wa elektrolizi akifa na kanseri ya koo, ku papye wanaandika "kanseri". Hakuna mahali wanaandika miaka ngapi alisimama juu ya bako.

Kwa ndugu wa sutretansi, wenye kukodishwa na kampuni zingine kwa kontra ya miezi mitatu, shida ni mara mbili. Wengi wanaficha sauti yao. Wanaogopa, na wana haki ya kuogopa: tuliona kijana ambaye kontra haikurudiwa nyuma ya kuomba karatasi ya kwenda lopitali. Yule hatukuweza kumurudisha. Alikuwa na miaka 26, na tangu siku ile hatujui kama kamera ilimuangalia ao hapana.

Kwa hiyo, ku mukutano ujao wa komite ya usalama na usafi wa kazi, tunaomba kila delege aingie na mambo haya. Aulize hewa ya sale ya elektrolizi ilipimwa siku gani mara ya mwisho, na aone karatasi kwa macho yake, asikubali maneno ya mudomo. Aombe ku vizita ya kila mwaka munganga aandike sauti ya mutu, sawa anavyoandika masikio na macho; kusikiliza hakulipwi. Aombe wenye sauti ya kuharibika zaidi ya wiki ine wapelekwe kwa ORL na kampuni, pamoja na wale wa sutretansi, juu hewa wanayovuta ni ileile. Na asiweke saini ku karatasi yoyote ya kumuhamisha mutu kazi kwa sababu ya sauti, kama munganga hajaandika ni ugonjwa gani na kama primu haijalindwa. Sisi tuliweka saini mara moja. Inatosha.

Na ku foni, kwa mutu ambaye sauti yake inakatika, kuna njia: vifungo vya ishara, taa, maandishi ku ekra. Makamio mengi ya leo yana ekra ndani. Ni fundi mumoja na siku mbili za kazi.

Mama yule angali na ufagio. Barua ya kuomba arudishiwe primu yake ya miezi yote hiyo iliingia ku biro ya wafanyakazi, na tuna kopi yenye muhuri. Wengine wenye karatasi za dispansere, hata zile za zamani zenye kuandikwa "gripi" ao "hauna kitu", wazilete kwa delege wao mbele ya mwisho wa mwezi, na waandike nyuma ya karatasi wanafanya kazi sehemu gani na tangu mwaka gani.